5895 ni namba tasa au namba ya maajabu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nauza fulana za watalii hapa Moshi, zile zimeandikwa Kilimanjaro 5895, yaani urefu wa mlima kwa mita. Juzi kijana mmoja mgumu (mpagazi) wa mlimani kaja kupumzika kibandani akasema hiyo namba ni ya maajabu, ukijumlisha tarakimu zake unaishia kwenye 9. Mwanangu wa darasa la sita nae akadakia eti ni namba tasa, sababu inaishia na 5 na 5 ni tasa. Wakabishana mpaka mteja akaondoka. Nani mkweli?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Mama, pole na huyo mteja. Tuanze na dogo. Namba tasa ni ile kubwa kuliko 1 inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Hiyo 5 ya mwisho ndo inamuangusha kabisa, maana namba yoyote inayoishia na 5 inagawanyika kwa 5, kwa hiyo tasa ya namna hiyo ipo moja tu, 5 yenyewe. Gawa 5895 kwa 5 unapata 1179, hiyo gawa kwa 9 unapata 131, hapo ndo unagota, 131 ni tasa kweli. Yaani ukiwa na fulana 5895 unafunga marobota 45 yenye fulana 131 kila moja na haibaki hata moja. Na hiyo 131 mi naipenda, zichanganye tarakimu zake upate 113 au 311, zote tasa!

Mgumu hesabu yake iko sawa, 5+8+9+5 ni 27, halafu 2+7 ni 9, ila maajabu hakuna hapo. Namba yoyote inayogawanyika kwa 9 inafanya hivo hivo, sababu 1000 ni 999 na 1, 100 ni 99 na 1, 10 ni 9 na 1, sasa ukishaziondoa hizo 999 na 99 na 9 zote kinachobaki mkononi ni tarakimu zenyewe. Kama fulana unauza 18000 basi na bei yako ni ya maajabu.

Kama anataka kitu cha kushangaza kweli, mwalimu mmoja wa shule huko India, D. R. Kaprekar, mwaka 1949 alitoa hii. Chukua namba ya tarakimu nne, zisiwe zote sawa, zipange kubwa kwenda ndogo, zigeuze, toa. Rudia. Ya kwako:

9855 - 5589 = 4266
6642 - 2466 = 4176
7641 - 1467 = 6174

Ukiendelea na 6174 inarudi 6174 tu, haitoki tena. Na sio ya mlima peke yake, nyingine zote zinaishia hapo hapo ndani ya hatua saba (ukipata tarakimu tatu weka 0 mbele, wengi wanakosea hapo).

Halafu mgumu usimwambie, vipimo vya GPS vya mlima vya mwaka 1999 vilileta mita 5892 na ushee. Tarakimu zake zinafika 24, kwa 9 haigawanyiki. Fulana we usibadilishe, 5895 ndo watu wanaijua. Ila mpe dogo hiyo 5892 na karatasi, anatakiwa afike 6174 kwa hatua sita.