Muziki Usio na Mwisho, na Mpira wa Rejeta

Mhariri ameuliza wiki hii ni onyesho gani ambalo msomaji aling'ang'ania kulihudhuria ijapokuwa safari yenyewe ilimkatalia, na kama lilistahili taabu hiyo. Langu ni tamasha la okestra lililofanyika Kampala, ambamo kila kipande kilichopigwa kilikuwa kimejulikana na wasikilizaji kupitia gemu za video. Nilifika nusu yake ikiwa imekwisha, viatu vikiwa na tope jekundu na mikono ikinuka maji ya rejeta, na bado nasema lilistahili. Muziki wa gemu ni muziki ambao karibu sote tuliocheza tumeukatiza njiani, na katika ukumbi ule hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuukatiza.

Naishi Jinja, ambako nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na umri wangu ni ule wa watu walioanza gemu kwenye zile mashine za kuiga zilizochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, zenye kaseti za njano zilizodai kubeba maelfu ya michezo, ilhali ndani yake mlikuwa na michezo michache iliyojirudia kwa majina tofauti. Tiketi zilinunuliwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye gemu zake ni za kizazi kingine kabisa na ambaye aliniambia, kwa heshima lakini bila kunificha kitu, kwamba ananichukua kwa sababu mimi ndiye mwenye gari.

Gari lenyewe ni dogo, la mtumba kutoka Japani, na kila linapowashwa sauti ya mwanamke hutoa tangazo la Kijapani ambalo hakuna hata mmoja nyumbani aliyewahi kulielewa. Siku ile lilitangaza kama kawaida, tukavuka daraja jipya la Nile, tukapita Njeru, na tulipokuwa ndani ya msitu wa Mabira, tukipanda kilima nyuma ya trela la miwa lililokwenda mwendo wa mtu anayetembea, mshale wa joto ulianza kupanda, ukapita katikati, ukagusa alama nyekundu, na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Nilizima injini na kuegesha kando ya barabara, karibu na Najjembe, pale ambapo wauzaji wa kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, hukimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Walitukimbilia na sisi. Walipoona mvuke wakapunguza bei, na mmoja wao akaweka chini mishikaki yake, akaenda kutuletea dumu la maji, na akampigia simu fundi wa Lugazi aliyekuja kwa bodaboda akiwa na funguo zake ndani ya gunia.

Mpwa wangu alikuwa tayari ameshika kitambaa akitaka kufungua mfuniko wa rejeta. Fundi alipiga kelele hata kabla bodaboda haijasimama: "Hapana fungua! Ngoja kwanza, ssebo!" Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Maji yaliyomo ndani ya rejeta hubanwa na mfuniko huo, na kwa kuwa yamebanwa huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa hiyo anayefungua mapema huyaondolea shinikizo kwa ghafla, yakageuka mvuke na kumrukia usoni. Basi tulingoja, huku saa ya tamasha ikisogea na kuku akiliwa.

Ni katika kungoja huko nilikomsimulia mpwa wangu habari za Koichi Sugiyama, kwa kuwa kipande cha ufunguzi katika programu kilikuwa chake na nilikuwa nimeanza kutambua kwamba hatutakisikia. Sugiyama alizaliwa mwaka 1931 na alikuwa mtunzi mwenye jina katika televisheni na matangazo ya biashara ya Japani wakati alipocheza shogi, yaani sataranji ya Kijapani, kwenye kompyuta, akajaza kadi ya maoni ya mteja, na kampuni iliyotengeneza mchezo huo ilipoona jina lililokuwa kwenye kadi ikamtafuta. (Watu wanaowaandikia wahariri wa majarida waitie moyoni habari hiyo.) Matokeo yake yalikuwa muziki wa Dragon Quest, gemu iliyotoka mwaka 1986, na mwaka uliofuata, mwezi Agosti 1987, muziki huo ulipigwa katika ukumbi wa Suntory mjini Tokyo mbele ya wasikilizaji waliokaa vitini kama wanavyokaa kumsikiliza Beethoven. Desturi hiyo ilibaki Japani kwa muda mrefu, ikafika Leipzig, Ujerumani, mwaka 2003, na mwaka 2022 ikapata usiku wake katika matamasha ya Proms ya London. Mpwa wangu alisikiliza yote hayo akiwa ameinamia injini, kisha akauliza: "Sasa Mjomba, huyo Sugiyama angekuwa hapa angefanya nini?" Fundi, ambaye sikujua kama anafuatilia, alijibu kwamba angengoja kama wengine.

Kasoro ilikuwa katika mpira wa juu wa rejeta, uliokuwa umepasuka kwenye ncha yake, pale unapobanwa na klipu. Fundi alikata sehemu iliyochanika kwa kisu, akauvuta uliobaki hadi ukafika, akaukaza kwa bisibisi, akajaza maji polepole injini ikiunguruma, kisha akawasha hita ya ndani mpaka mwisho na kutuamuru tusiizime hadi tufike, kwa kuwa hita huchukua sehemu ya joto la injini na kulitupa ndani ya gari. Ndivyo tulivyoendesha kupitia Lugazi na Mukono, alasiri ya jua kali, madirisha yote wazi, hita ikitupuliza magotini, na baada ya Mukono msongamano wa magari ukatupa nafasi ya kutosha ya kuifaidi.

Tulifika wakati wa mapumziko. Okestra ilikuwa ya vijana kwa sehemu kubwa, na ilionekana wazi kwamba wapiga tarumbeta na tromboni wengi walikuwa wametoka katika bendi za shule na makanisa, ambazo Kampala inazo kwa wingi, wakati fidla zilikuwa chache na zililazimika kujitahidi ili zisizibwe. Sitasema zilifaulu kila mahali. Katika kipande cha kwanza tulichokisikia, ambacho ni wimbo wa zamani wa Kirusi kuhusu mchuuzi wa barabarani, uliojulikana dunia nzima kupitia gemu ya Tetris kwenye mashine ndogo ya mkononi ya Game Boy, mwaka 1989, tarumbeta na tromboni zilizifunika fidla kabisa, ingawa baada ya Najjembe sikuwa na kinyongo na wimbo wowote wa wachuuzi.

Kilichofuata ndicho kilichonikalisha wima. Mwaka 1994 mtunzi Nobuo Uematsu aliweka onyesho zima la opera ndani ya Final Fantasy VI, gemu ya mashine ambayo haikuwa na nafasi ya kubeba sauti ya mtu anayeimba. Maneno ya wimbo yaliandikwa kwenye skrini, na mashine, kwa njia zake nane za sauti, ikaiga uimbaji kwa mlio ulio kati ya filimbi na pua. Wachezaji wa wakati ule walipaswa kumalizia sauti hiyo vichwani mwao. Ukumbini alisimama binti mmoja mwembamba, akafungua mdomo, na ule mlio wa pua ukawa mtu. Mpwa wangu, ambaye hakuwa amezaliwa gemu hiyo ilipotoka, aliacha simu yake mapajani bila kurekodi chochote, na kwa wanaowajua vijana wa umri wake hilo ni jambo kubwa.

Halafu kwaya ikaingia kwa ajili ya Baba Yetu. Wasomaji wengi wa Kiswahili wameshausikia bila kujua ulikotoka: ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu ya video kupata tuzo ya Grammy. Linalosemwa mara chache ni mahali ulipowekwa ndani ya gemu yenyewe. Uliwekwa kwenye ukurasa wa mwanzo, pale mchezaji anapochagua kama anaanza upya au anaendelea na mchezo wa jana, yaani mahali ambapo kazi yake ni kubonyeza kitufe na kuondoka. Muziki mwingi wa gemu uko katika hali hiyo. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, kwa mashine iliyotoa sauti tano tu kwa wakati mmoja, na mojawapo ni mchakacho uliofanya kazi ya ngoma, aliutunga ili ukifika mwisho urudi mwanzo, kwa kuwa hakuna ajuaye mchezaji atakaa hapo dakika moja au saa nzima; kinachoukatisha ni kufa, kushinda, au mama kuzima televisheni. Kwa hiyo anayeupanga muziki huu kwa ajili ya okestra ana kazi ambayo mtunzi hakulazimika kuifanya, nayo ni kuamua unaishaje, na nilitambua kwamba katika kila kipande nilikuwa nasubiri dakika ya mwisho kuliko nyingine zote. Mwisho wa Baba Yetu ulipigwa vizuri sana. Kwaya ilitamka Kiswahili chake kwa usahihi ambao ningependa kuupata darasani, na watu waliokuwa mbele yetu, ambao kabla ya hapo walikuwa wakizungumza Kiganda tupu, waliimba amina pamoja nayo.

Baada ya makofi, mwongozaji alirudi kwa kipande cha nyongeza, na kilikuwa Mario. Walipiga wimbo wenyewe mara moja, kisha tarumbeta zikatoa ile ishara ya hatari inayolia muda wa mchezaji unapokaribia kwisha, na okestra nzima ikaanza upya kwa mwendo wa kasi kama inavyofanya mashine, fidla zikihangaika, ukumbi ukicheka, mpaka mwongozaji akainua mkono na kuusimamisha katikati ya sentensi. Ni mwisho pekee wa usiku ule ambao mpangaji hakuubuni.

Mpwa wangu anashikilia kwamba tulipoteza nusu ya tiketi na kwamba nusu hiyo ilikuwa bora, kwa maelezo ya rafiki zake waliowahi. Simpingi, kwa sababu Sugiyama alikuwa humo. Gari tuliliacha Kampala kwa ajili ya mpira mpya, na tulipokuwa tukitafuta teksi ya kurudi Jinja tulikutana na mpiga tromboni mmoja akiwa na chombo chake mgongoni, ambaye alituambia kwamba wanakusudia kuirudia programu yote kabla ya shule kufunguliwa. Tutakwenda, na safari hiyo tutapanda basi la asubuhi.