Maswali ya Wasomaji: Gari la Kulala Familia, Mchanga wa Msimbati na Tela la Boti

Tuko sita nyumbani: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Nina boti ya faiba ya mita tano. Ikiwa juu ya tela lake pamoja na injini inakaribia kilo 900. Nataka gari la kulala la kwenda nalo ufukweni Msimbati, Kilwa, na likizo ya Juni hadi Liwale. Fundi wangu anashauri Land Cruiser pikapu ya milango minne, kisha anijengee kibanda nyuma. Yuko sahihi? — Baba Watatu, Shangani, Mtwara

Kwa watu sita na boti, hapana. Pikapu hiyo ina mikanda mitano. Wa sita atakaa kibandani, juu ya godoro, bila mkanda. Ng'ombe akikatiza barabara ukapiga breki ya ghafla, ataruka pamoja na masufuria.

Hata mngekuwa watano, fanya hesabu kabla ya kumlipa fundi. Kila gari lina kibao kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, gari likiwa na watu na mizigo yote. Tuseme chako kinasoma kilo 3,300, na gari tupu lenye tanki lililojaa lina kilo 2,250. Umebakiwa na 1,050. Kibanda cha fremu ya chuma chenye vitanda na kabati hakipungui kilo 500. Watu watano, wakubwa kwa wadogo, 325. Maji lita 80 ni kilo 80. Friji, betri na mtungi wa gesi, 100. Nguo, chakula, jeki na vifaa, 150. Mwisho kuna uzito ambao shingo ya tela inauegemeza kwenye ndoano ya gari, kama kilo 90, nao unahesabiwa kwenye gari. Jumla 1,245. Umezidisha kilo 195 hata hujanunua samaki.

Uzito huo wa ziada haukai katikati. Kibanda kinapita nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu), na ndoano iko nyuma zaidi, kwa hiyo ekseli ya nyuma inabeba karibu kila kitu na pua ya gari inanyanyuka. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, jani la springi huvunjika, yuboliti (boliti za umbo la U zinazoshika springi) hulegea, na chasisi, ile fremu ya chini ya gari, hupata ufa nyuma ya kichwa (chumba cha dereva na abiria), pale kichwa kinapoishia na kibanda kinapoanzia. Fundi ataongeza jani la springi na kukuambia mambo yamekwisha. Springi nzito hunyanyua gari tu. Kibao hakibadiliki, wala ekseli, beringi na breki hazijaongezwa nguvu.

Kwa familia yako tungetafuta lori dogo la 4x4 lenye kichwa cha milango minne, mfano wa Mitsubishi Fuso Canter au Isuzu ya daraja hilo, linaloruhusiwa kufika kilo 6,500. Hesabu yake inakaa hivi: gari tupu kama 2,950, kibanda kizima 1,300, watu sita 360, maji lita 200, betri, sola na gesi 150, chakula na nguo 250, tairi la akiba la pili, winchi, chepe na vifaa 150, shingo ya tela 90. Unapata 5,450, na kilo elfu moja na ushei hujaigusa. Akiba hiyo ndiyo inayookoa springi njia ya Liwale. Lori hili lina ubaya wake: tupu linarusha kama punda, na mama mzazi atalalamika hadi kibanda kiwe juu na springi zitulie.

Ukienda kuliangalia, ulizia mambo haya. Je, transfa, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, ina lo, zile gia nzito za kupandia na kutokea kwenye tope? Magari mengi ya 4x4 yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani, HiAce ikiwemo, hayana. Bila lo, kuvuta tela mchangani kunaunguza klachi siku ya kwanza. Nyuma kuna tairi mbilimbili au moja kila upande? Tairi mbilimbili ni nzuri kwa lami, lakini mchangani zinachimba njia yake zenyewe badala ya kufuata ile ya mbele, na jiwe likinasa katikati yake hukata ubavu wa zote mbili. Tairi moja pana kila upande ni bora, ilimradi namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni inatosha mzigo wa ekseli. Usikadirie kwa macho.

Kuhusu kibanda, mwambie fundi asichomelee kitu chochote kwenye chasisi. Moto wa kuchomelea unadhoofisha chuma chake, na ufa huanzia hapohapo. Kibanda kikae juu ya fremu yake, na fremu ishikwe kwa boliti, sehemu mbili zikazwe na nyingine ziwe na springi au egemeo linalocheza. Chasisi ya lori hujipinda gurudumu moja linapoingia shimoni; kibanda kilichokazwa pembe zote kitapasuka kwenye kona za mlango na madirisha, na masika yakianza maji yataingilia humo humo. Kimo chote kisizidi mita 2.9 ukiweza. Njia za pembeni huku Kusini zinapita chini ya mikorosho, na tawi la mkorosho halioni shida kung'oa paneli ya sola.

Mambo mawili ya sheria. Gari la tani 3.5 na zaidi linatakiwa kupita mizani za barabarani, na leseni yako iwe na daraja linalokuruhusu kuliendesha. Kabla ya safari ya kwanza lipime likiwa limejaa kila kitu, watu wakiwa ndani. Maghala ya korosho yana mizani, ukiomba vizuri msimu haujaanza hawatakunyima. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, kisha gari zima.

Iwapo mama mzazi atapendelea kubaki nyumbani, jibu linabadilika kabisa: ichukue pikapu bila kibanda, weka hema la juu ya paa kwa wawili na la chini kwa watatu, boti ifuate nyuma. Ni nafuu, na ukiwa kambini unaweza kwenda dukani bila kubeba nyumba.

Ndugu yangu ameniletea ofa ya gari la kulala kutoka Japani, lina jiko, choo na kiyoyozi, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayovuta. Bei ni nzuri. Naishi Lindi. Ninunue? — Mama wa Mtanda

Kwa Lindi, Kilwa Masoko, Mtwara na Masasi kwa lami, nunua. Kwa Liwale au Rondo, usinunue. Mkia wake mrefu nyuma ya ekseli utagonga kila mfereji, na bomba la maji machafu ndilo linalotangulia kuvunjika.

Jambo linalowaponza wengi ni umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Ukichomeka waya wa gari hilo kwenye soketi ya nyumbani, chaja, maikrowevu na kiyoyozi vinaungua kwa pamoja. Nunua transfoma ya kushusha umeme, ya wati 2,000 au zaidi kama utawasha kiyoyozi, au badilisha chaja iwe ya volti 230 na usahau vingine. Bandika kibandiko chekundu kwenye soketi ya nje ili mgeni asikusaidie kuchomeka.

Kisha bonyeza kuta kwa kidole gumba: kona zote, chini ya madirisha, kuzunguka feni ya paa. Panapobonyea, mbao za ndani zimeoza kwa maji na kuta hizo hazirekebishiki kwa silikoni. Ingia chini uangalie kutu, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani huko Japani wakati wa theluji inakula chasisi. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hukaa yameegeshwa muda mrefu, kashata (meno ya tairi) zikawa nzima huku mpira umekakamaa. Zikivuka miaka sita hivi zibadilishe. Zikipasuka ukiwa na mwendo, gari refu namna hiyo halishikiki.

Zuri lake: mlango wa kuingilia uko kushoto, upande wa ukingo wa barabara kama inavyotufaa. Yale ya Ulaya mengi hushusha watoto katikati ya magari. Ushuru angalia kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata shilingi, kwani umri wa gari unaongeza gharama.

Tela langu la mizigo linapiga mkia nikifika kilomita 80 kwa saa kati ya Masasi na Nachingwea. Nimebadilisha tairi, bado. — Mwalimu, Nachingwea

Mzigo uko nyuma mno. Shingo ya tela inatakiwa kuegemeza takriban asilimia 10 ya uzito wake wote kwenye ndoano. Tela la kilo 900 lipe kilo 90. Pima kwa mizani ya bafuni: weka kipande cha mbao juu yake, teremsha shingo hapo, kimo kikiwa kilekile cha ndoano. Ikisoma 40, sogeza mzigo mbele. Wenye boti husogeza kizuizi cha pua ya boti, au huhamisha tangi la mafuta.

Likianza kuyumba, achia eksileta taratibu na shika usukani ulivyo. Ukikanyaga breki za gari au ukijaribu kulifuata kwa usukani, unalichochea. Tela zito kama hilo liwe na breki zake. Tairi na rimu zake ziwe sawa na za gari ili akiba moja itumike kote.

Na kwa mnaoshusha boti baharini: beringi zinazotoka kwenye lami zina joto. Ukizizamisha kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili, ule mpira wa kuzuia maji. Subiri nusu saa, chomoa plagi ya taa, ndipo ushushe. Ukirudi osha tela kwa maji baridi ya bomba, ekseli na springi kwanza, na grisi ya beringi ibadilishwe kila msimu. Beringi iliyokufa hujitangaza kwa gurudumu kuvuka njia peke yake.

Msimbati tunakwama kila mara. Tuna 4x4. Tunakosea wapi? — Vijana wa Mikindani

Upepo. Tairi la psi 40 (kipimo cha upepo wa tairi) mchangani ni kisu. Kwa Land Cruiser shusha hadi 18. Chini ya 15 tairi huchomoka kwenye rimu ukikata kona. Lori la tani tano na nusu lenye tairi moja moja lishushwe kutoka 65 hadi 35 hivi. Tairi za tela pia! Hizo ndizo watu wanazosahau, tela linalima mchanga na gari linaonekana halina nguvu. Mwendo usizidi 30, kona pana, na kompresa ya kujazia iwe garini, kwa sababu ukirudi kwenye lami na psi 18 ubavu wa tairi unachemka hadi kupasuka.

Gari likianza kuzama, acha. Ukikoroga gurudumu linaenda chini na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, linakaa mchangani. Fungua tela, chimba mbele ya tairi zote nne, weka mbao, toa gari hadi pagumu, ndipo ulivute tela kwa kamba ndefu. Kamba isifungwe kamwe kwenye boli la ndoano. Likikatika linaruka kama risasi. Funga kwenye jicho lililobanwa kwenye chasisi.

Na msilaze gari ufukweni siku za bamvua, maji yanapojaa sana, bila kuuliza wavuvi maji yanafika wapi.

Friji la gesi au la betri? Na sola kiasi gani? — Msomaji, Kilwa Masoko

La betri, lenye kompresa ya volti 12. La gesi linataka gari liwe sawasawa kama meza, na kwenye joto la Desemba halipozi vya kutosha. La kompresa, lita 50 hivi, litakula kati ya amp-saa (kipimo cha umeme wa betri) 30 na 50 kwa siku. Paneli ya wati 200 kwa saa tano za jua zuri, ukitoa upotevu, inarudisha kama 60. Betri ya lithiamu ya amp-saa 100 inatosha. Ya kawaida ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo utahitaji mbili. Usiegeshe chini ya mwembe ukitegemea sola. Paneli inayobebeka yenye waya wa mita kumi inakupa kivuli na umeme pamoja.

Nilisikia mbung'o wa upande wa Liwale wanafuata magari. Turubai la kivuli ninunue rangi gani? — Baba Watatu tena

Mbung'o hufuata vitu vinavyotembea na huvutwa sana na bluu na nyeusi. Nunua la rangi ya kaki au kijivu hafifu, nyavu za madirisha ziwe za matundu madogo, na mkipita porini fungeni vioo hadi mfike kambini.