Baba kawekewa betri ya moyo: simu na gari vipi?

Mkuu, umeuliza kama baba yako aliyewekewa betri ya moyo, yaani kile kifaa kidogo cha kurekebisha mapigo kinachopandikizwa kifuani, aache simu, na kama ni salama kumpeleka kliniki kwa gari wakati kila mtu ndani ana simu yake. Mama yangu anayo hiyo betri na dereva wake ni mimi. Asiache simu. Cha kuangalia ni umbali.

Wengi wamekutisha na mawimbi ya mtandao. Betri za siku hizi zimekingwa vizuri dhidi ya mawimbi. Kinachosumbua zaidi ni sumaku. Betri hizi zimetengenezwa makusudi ziitikie sumaku, ili daktari aweze kuzipima kwa kuweka sumaku yake juu ya kifua. Sumaku yenye nguvu ikiisogelea, betri ya kawaida huacha kuusikiliza moyo na kupiga kwa mwendo mmoja tu. Ile nyingine, inayoushtua moyo ukianza kwenda mbio vibaya, inaweza kunyamaza mpaka sumaku iondoke, na moyo ukichafuka wakati huo hakuna wa kuushtua. Kwa hiyo ulizeni kliniki mzee ana ipi.

iPhone nyingi kuanzia ile 12 ya mwaka 2020 zina duara la sumaku mgongoni. Apple wenyewe wanasema ikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, na zaidi ya 30 kama inachajiwa bila waya. Nyumbani kwetu hizo 15 ni sheria kwa simu yoyote, hata ya kitochi, maana sitaki mama aanze kuchambua simu ya nani ni ya aina gani. Kava zinazojifunga kwa sumaku na spika za masikioni nazo zimo.

Vita yetu kubwa ilikuwa sidiria. Mama amebeba simu kifuani miaka yote, na betri imelala chini ya mtulinga wa kushoto, vidole vichache tu juu ya hapo. Dada akamshonea kipochi cha kufunga kiunoni chini ya kanga, ndipo akakubali. Kwa baba yako angalia mfuko wa shati. Na aongee kwa sikio la upande usio na betri.

Kwenye gari, kishikio cha simu chenye sumaku kikiwa dashibodi hakimfikii abiria, ila asikipakate. Mkanda afunge, ukimsugua kwenye mshono, weka kitaulo laini katikati. Usiweke simu juu ya pale palipoandikwa SRS AIRBAG mbele yake: eabegi ikifumuka, simu inaruka kama jiwe kuja kifuani au usoni.

Lakini barabarani, simu ya kuogopa kuliko zote ni iliyo mkononi mwako wewe dereva. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde mbili za kusoma meseji ni mita 33 umeendesha bila kuona. Yangu inakaa kwenye mkoba kiti cha nyuma, na ndugu wanaotaka kujua tumefika wapi wanampigia dada.

Mzee akihisi kizunguzungu au moyo kudunda vibaya akiwa na simu, aiweke mbali mara moja. Ikitulia, andikeni ilikuwa simu gani na saa ngapi, mkawaonyeshe kliniki. Isipotulia, au akizimia, au betri ikimpiga mshtuko, msisubiri siku ya kliniki, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.