Ukirudi kutoka misheni, usikimbilie madhabahuni

Juzi dada mmoja wa Buzuruga, hapa Mwanza, amenitumia ujumbe. Ana wiki tatu tangu arudi kutoka misheni Burundi, na kila akiwasha jiko kuwapikia wanawe machozi yanamtoka. Anauliza kama imani yake imepungua. Dada yangu, hujapungukiwa kitu. Mimi nililia mwezi mzima, na nilikuwa kiongozi wa maombezi.

Agosti 2025 tulitoka Mwanza watu 9 kwenda visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa na miezi miwili tu tangu lifunguliwe. Tulilivuka tukiimba, pale ambapo zamani tungesubiri kivuko. Bukoba, Mutukula na Masaka sisimulii, ni basi na mgongo kuuma. Bukakata tukapanda kivuko hadi Luku, kisiwa cha Bugala, tukakaa siku 12 kwenye mwalo wa wavuvi.

Nilijiandaa kwa ugeni, nikakuta ziwa ni lile lile. Dagaa wameanikwa kama kwetu, ila wao wanawaita mukene, na sangara wanamwita mputa. Hilo ndilo lililonivunja. Ningekuta mambo mageni ningejikaza, lakini kila mama niliyemwona pale nilikuwa nimeshamwona sokoni Kirumba, kwetu Mwanza.

Mwenyeji wetu alikuwa mjane, mumewe alizama ziwani. Alituachia kitanda chake, yeye na wanawe wakalala jikoni. Asubuhi ya kwanza akapiga magoti kunisalimia. Najua ni heshima ya wanawake wa Kiganda, nilishaambiwa, lakini hakuna anayekwambia moyo utafanya nini ukiiona. Mimi ndiye niliyekwenda kumhudumia!

Mwanawe, wa miaka saba hivi, alinishika mkono siku zote tulizotembea nyumba kwa nyumba. Siku ya kuondoka akauliza kupitia kwa mkalimani nitarudi lini. Nikasema, "Desemba." Sikuwa na nauli ya Desemba. Nilisema hivyo kwa sababu sikuweza kuuangalia uso wake.

Nikarudi na neno hilo kifuani.

Jumapili ya kwanza nikapewa dakika tano za ushuhuda, katikati ya matangazo ya harambee na kwaya ya vijana. Kabla sijalitaja jina la kisiwa, kilio. Mlangoni mzee mmoja akaniuliza, "Wameokoka wangapi?" Mwingine akadakia, "Hiyo nauli si mngeipeleka Ukerewe tu, hapo karibu?" Neno hilo linaniuma hadi leo, wala sifichi. Mimi Ukerewe naipenda. Huko ndiko walikouawa wamisionari Shergold Smith na O'Neill wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, Desemba 1877, na mwenzao Wilson alikuwa ameshatangulia Buganda. Mackay, mmisionari mwenzao, naye alitumika Buganda miaka mingi, akafia Usambiro, upande wetu, 1890. Injili ya ng'ambo ile ilipita kwenye mwambao wetu. Kwa nini leo tuambiwe tumekwenda kutembea?

Nyumbani nikawa mkali. Nilimfokea binti yangu kwa kumwaga chai, nikakataa kuchangia sare za kwaya, nikamwambia mume wangu kwamba tunakula kupita kiasi. Nikadhani ni upako. Ulikuwa uchovu, na huzuni ambayo sikuwa nimeipa jina.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka mbele ya macho yake, na bado anakaa chini ya mti anaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Malaika alimpa mkate na maji, akala, akalala tena. Kwa hiyo ukirudi, lala. Kula. Jumapili ya kwanza kaa kwenye benchi kama mshirika mwingine yeyote. Nanyi wachungaji mnaotuma watu, acheni kuwapokea kwa kipaza sauti! Wapeni wiki mbili, kisha waketi na watu wachache waseme yote, hata yale yasiyopendeza.

Tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza. Wangu alikuwa mama mkwe, kule Magu. Jioni mbili tulichambua maharage, hakuniuliza idadi ya waliookoka. Aliuliza yule mama anapika kwa kuni au mkaa. Hapo ndipo nilipoanza kupona.

Na usimwahidi mtoto. Nakuomba, usimwahidi. Ukiwa umeshaahidi, usijifiche. Desemba ilipofika nilipiga simu kwa mchungaji wa pale, akaenda hadi kwa yule mama, nikasema siji. Mtoto alipewa simu, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia mchungaji aniulize kama na huku kwetu mukene wanaanikwa. Nikasema ndiyo, wengi sana. Tangu hapo napiga kila mwisho wa mwezi, na sitaji tena tarehe ya kwenda.

Dada wa Buzuruga, Jumamosi mchana nitapita kwako. Usiandae chochote, chai inatosha. Utanisimulia Burundi, na kama ni kulia tutalia.