Picha ndogo za Papa kwenye albamu kubwa

SWALI

Jambo sana yaya. Ninaandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Papa wetu atatimiza miaka 80 mwishoni mwa mwaka, na sisi watoto tumeamua kumtengenezea albamu. Foto ni za aina mbili: zile za zamani, ndogo ndogo, za wakati alipokuwa anafanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, na sisi tukikaa kambini kwa wafanyakazi; halafu zile nilizopiga mwenyewe kwa simu mwaka huu. Za zamani ziko kwa ndugu mbalimbali, kila mmoja amenitumia zake kwa WhatsApp. Ninazipanga kwenye kompyuta pamoja na karatasi za rangi, maua na maandishi. Kwenye skrini zinapendeza, lakini nilipochapisha kurasa mbili za kwanza, foto za zamani zilitoka na ukungu, na maneno ya pembeni yalikatwa. Shemeji yangu anasema kuna programu ya akili bandia inayokuza na kusafisha foto zote kwa dakika moja, hata kuzitia rangi. Niitumie? Na nitaziunganishaje za zamani na za sasa kwenye ukurasa mmoja zisionekane zimegombana?

JIBU

Dada yangu, jambo sana, na hongera kwa Papa. Nianze na pendekezo la shemeji, kwa sababu linagusa sura za watu. Usifanye hivyo. Programu hizo haziwezi kuona kilichofichwa na ukungu, zinakisia. Zimefundishwa kwa picha nyingi mno za watu wengine, na zikikuta uso wenye upana wa pikseli 40 tu, yaani nukta 40 za picha, zinachora macho, pua na midomo inayoweza kufanana na ile ya kweli. Picha inatoka safi kabisa, ila mama mzazi wa Papa amepewa macho ya mtu ambaye hajawahi kuishi. Papa anamjua mama yake. Atashika ukurasa ule akitafuta kitu asichokiona, na ninyi hamtajua kwa nini amenyamaza. Kutia rangi nako ni kukisia vilevile: shati lililokuwa la kijani linageuka la bluu, na wajukuu wanakua wakiamini lilikuwa la bluu.

Kufuta vumbi, mikwaruzo na alama za kukunjwa ni jambo jingine. Hiyo ifanye, tena kwa mkono, kwa kile kifaa cha programu ya kuhariri picha kinachonakili kipande kizima na kukiweka juu ya kilichoharibika. Kwenye ukuta, anga na nguo huna haja ya kuogopa. Ukifika kwenye macho na mdomo, simama. Mkwaruzo kwenye shavu ni afadhali kuliko shavu jipya.

Sasa ukungu wenyewe. Kwa albamu inayoshikwa mkononi, tunachapisha kwa pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi ni sentimita 2.54. Hukuniambia ukubwa wa ukurasa wako, kwa hiyo nachukua mraba wa sentimita 30, unaokaribia inchi 12 ambazo Wamarekani wamezoea kwa albamu za kubandika. Ukurasa huo unahitaji pikseli 3543 kila upande. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, kwa hiyo inaweza kuujaza bila shida ya kuonekana. Lakini WhatsApp, mtu akituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza hadi upande mrefu ubaki na takribani pikseli 1600. Gawanya kwa 300, zidisha kwa 2.54: unapata sentimita 13 na nusu. Zaidi ya hapo unanyoosha kitu ambacho hakipo. Skrini haikukuonya kwa sababu ilikuwa inakuonyesha ukurasa mzima umepunguzwa. Ukitazama kwa asilimia 100 utauona ukungu kabla hujalipa wino.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwarudia ndugu. Waombe wakutumie picha kama dokumenti, siyo kama picha. Hapo faili hufika kama lilivyo. Lililo bora zaidi ni kuzikusanya picha zenyewe za karatasi na kuzipitisha kwenye skana. Picha ya sentimita 6 kwa 9 ukiiskani kwa pikseli 600 kwa inchi inakupa pikseli 1417 kwa 2126, maana yake unaweza kuichapisha kwa sentimita 12 kwa 18, mara mbili ya ilivyokuwa. Ile ya kadi ya kazi, ndogo kama kidole gumba, iskani kwa 1200. Kupita hapo mara nyingi unakuza chembe za karatasi tu, sura haiongezeki.

Pasipo na skana, simu inatosha ukiwa na subira. Laza picha juu ya meza kwenye baraza, pale mwanga wa mchana unapofika lakini jua haligusi. Zima flashi. Simama na simu sambamba kabisa na picha, na usiisogeze karibu mno: rudi nyuma kidogo, kisha kata kingo baadaye, kwa sababu lenzi ya simu ikiwa karibu sana hupindisha mistari. Karatasi ikimeremeta, mwambie mtu ashike kitambaa cheusi upande unaotoka mmeremeto. Na usiibandue picha iliyogandamana na kioo cha fremu; ipige humo humo.

Geuza kila picha uangalie mgongo wake kabla ya kuirudisha. Mhuri wa studio au neno lililoandikwa kwa kalamu ni tarehe iliyojificha. Ukiona Elisabethville, ni ya kabla au karibu na 1966, mji wetu ulipobadilishwa jina kuwa Lubumbashi. Union Minière, kampuni iliyotangulia Gécamines, ilitaifishwa mwanzoni mwa 1967. Zaïre na Shaba, majina ya zamani ya nchi na ya mkoa wetu, vinakuweka kati ya 1971 na 1997. Skani na mgongo wenyewe, uuhifadhi pamoja na sura.

Baada ya hesabu hiyo utakuta picha nyingi za Papa haziwezi kupita sentimita 12. Watu wengi hapo ndipo wanapokata tamaa, na hapo ndipo ubunifu wa ukurasa unapoanza kazi yake. Picha ya sentimita 8 katikati ya maua, riboni, nyota na rangi tatu inapotea. Picha hiyo hiyo ikiwa peke yake juu ya ukurasa wa sentimita 30, ikisogezwa kidogo pembeni, na nafasi tupu pande zote, inamlazimisha mtu kuinamia na kuangalia. Nafasi hiyo tupu usiihurumie. Picha moja kuu kwa ukurasa. Nyingine zikiwepo, ziwe nusu yake au chini zaidi, zikikaa pamoja upande mmoja. Picha zote zikilingana, jicho halijui lianzie wapi.

Kuhusu mapambo, nina msimamo na nitausema wazi: acha kupakua maua ya watu kwenye intaneti. Una simu na una nyumba iliyojaa vitu vya Papa. Piga picha kaske yake ya kazi (ile kofia ngumu), karatasi ya mshahara, mkono wa redio ya zamani, ufunguo wa nyumba ya kambini kama bado upo. Piga kikwembe (kitenge) cha mama: kipige pasi, kitandaze chini kivulini, usimame juu yake simu ikiangalia chini, na kitambaa kijaze fremu yote. Hiyo inakuwa karatasi yako ya nyuma. Ifanye hafifu hadi asilimia 25 au 30 ya nguvu yake, la sivyo nakshi zitapigana na nyuso. Mara nyingi ukanda mwembamba wa kikwembe ukingoni mwa ukurasa unatosha kabisa. Kwa albamu ya familia hilo halina tatizo, lakini usiuze nakshi hiyo kama kazi yako, kwa sababu ina mwenyewe aliyeibuni.

Na maua? Mwezi wa tisa na wa kumi jakaranda zinamwaga maua kwenye barabara zetu bure. Okota machache asubuhi kabla hayajakanyagwa, yaweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, uyapige kutoka juu. Kwenye GIMP, ambayo ni programu ya bure, kata umbo la ua, futa weupe unaolizunguka, kisha lihifadhi kama faili la aina ya PNG. JPEG, aina ya kawaida ya faili za picha, haiwezi kubeba sehemu iliyo wazi, itakurudishia mraba mweupe. Ua hilo litakuwa la Lubumbashi kweli, la rangi ambayo Papa ameiona kila mwaka.

Kinachofanya vitu vilivyokatwa vionekane vimebandikwa kweli ni kivuli, na hapa ndipo kurasa nyingi za kompyuta zinapojisaliti. Angalia mwanga uliokuwepo ulipopiga ua au kaske. Kama dirisha lilikuwa kushoto juu, basi kila kivuli kwenye ukurasa kianguke kulia chini, hata cha picha na cha maandishi yaliyowekwa kwenye kipande cha karatasi. Kisha fikiria unene. Picha ya karatasi imelala karibu na ukurasa, kivuli chake kisizidi milimita moja, yaani kama pikseli 12, na kiwe hafifu. Ufunguo umeinuka zaidi, mpe milimita mbili au tatu na kingo laini. Usitumie weusi kamili. Chukua kahawia nzito au rangi iliyokolea ya karatasi iliyo chini yake.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Za zamani na za sasa zitakaaje pamoja? Hapa mjini tuna mfano mkubwa. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Picha, alitengeneza mfululizo wa picha ambamo wafanyakazi wa migodi kutoka kwenye picha za kumbukumbu za zamani, wakiwa bado weusi na weupe, wamesimama mbele ya viwanda vilivyochakaa alivyovipiga yeye mwenyewe kwa rangi. Hakuwapaka rangi wafanane na nyuma yao. Kingo zinaonekana, na macho yako yanapita kutoka wakati mmoja hadi mwingine hapo hapo kwenye mstari huo.

Nakushauri ufuate njia hiyo. Rudi mahali picha ya zamani ilipopigwa: lango, uwanja wa kambi, mbele ya kanisa, popote ambapo bomba la kiwanda na mlima wake wa takataka za shaba vinaonekana nyuma. Simama pale aliposimama mpiga picha wa kwanza, kwa urefu uleule, na ukiweza mwanga uwe wa upande uleule. Kisha weka picha ya sasa ikijaza ukurasa, ipunguze ukali wa rangi, na ile ndogo iwekwe juu yake pale pale, na kingo zake nyeupe usizikate. Hazitagombana. Kinachogombanisha picha mara nyingi ni rangi za kubuni zilizoongezwa katikati yao. Kwa hiyo rangi ya maandishi na ya karatasi ichague kwa kifaa cha kunyonya rangi kutoka ndani ya picha yenyewe: udongo mwekundu, bati, shati.

Picha za rangi za miaka ya 1970 zitakusumbua kidogo, kwa sababu nyingi zimekuwa nyekundu. Wino wake wa samawati umefifia kabla ya wenzake. Fungua sehemu ya viwango vya rangi, shughulikia nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, ukitafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe, kama kola ya shati. Ukipata ngozi inayofanana na ngozi ya ndugu zako, acha hapo. Wekundu kidogo uliobaki ni umri wake.

Maneno yaliyokatwa ni jambo la dakika chache. Mtambo wa kukata karatasi hausimami mahali palepale kila mara. Ongeza milimita 3 kila upande: ukurasa wa sentimita 30 uutengeneze kwa 30.6, ambazo ni pikseli 3614, na picha ya nyuma ifike hadi mwisho kabisa. Maandishi na nyuso zikae ndani, angalau sentimita moja kutoka ukingo, na sentimita mbili upande unaoshonwa. Kabla ya hayo muulize mchapishaji kama anashona kwa pini. Kama ndivyo, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne.

Kila ukurasa uwe faili lake, uhifadhiwe na matabaka yake yote, yaani vile vipande vinavyolala kimoja juu ya kingine kwenye programu. Tabaka moja linalojaza ukurasa huo linakula takribani megabaiti 52 za kumbukumbu, kwa hiyo kompyuta ya gigabaiti 4 itaanza kulemewa ukifika matabaka ishirini na kitu. Hifadhi mara kwa mara, umeme hauulizi. JPEG itoe mara moja tu mwishoni, maana kila ukiifungua na kuihifadhi tena inapoteza kidogo. Nakala za picha asili ziwe sehemu mbili, moja nje ya nyumba yako.

Mwisho, punguza mwanga wa skrini hadi karibu nusu, kisha chapisha ukurasa mmoja tu, ule wenye nyuso nyingi, kwenye karatasi ileile itakayotumika. Skrini huwaka na karatasi haiwaki, kwa hiyo usishangae ikitoka nyeusi kuliko ulivyotarajia. Pandisha mwanga wa sehemu za katikati na ujaribu tena. Utazame ukurasa huo nje mchana, siyo chini ya taa ya duka. Ngozi zikiendelea kutoka nyekundu au kijani, niandikie uniambie ni karatasi gani na mtambo gani, tuurekebishe ukurasa huo kabla ya kurasa nyingine kwenda kuchapishwa.