Kelele, joto na mafuta kwenye chumba cha injini

Mdogo wangu, unauliza utaanzaje kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo bila kuharibu masikio wala kuzimia kwa joto. Joto utalizoea: kunywa maji kabla kiu haijakushika, pumzika kwenye chumba cha udhibiti. Masikio hayazoei. Kelele huko huweza kuvuka desibeli 100, hivyo vaa vizibo na vikinga masikio kwa pamoja, hata wazee wa kazi wakikucheka (wengi wao ukiwaita hawasikii).

Ila mimi ningehofia zaidi mafuta. Bomba la dizeli lenye presha kubwa likivujia bomba la moshi lisilofunikwa, moto unaweza kuwaka papo hapo. Ndiyo maana kanuni za SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli) zinataka sehemu zenye joto la kupita nyuzi 220 za Selsiasi zifunikwe pale mafuta yanapoweza kuzifikia. Ukiona kifuniko kimelegea, toa taarifa saa hiyo hiyo.

Na kengele ya ukungu wa mafuta (mvuke wa mafuta ya kulainisha unaojikusanya ndani ya injini) ikilia, ondoka ubavuni mwa injini. Hata injini ikishazimwa, usifungue milango ya krankkesi (sanduku la injini linalofunika krankshafti) ingali moto, maana hewa ikiingia ukungu huo unaweza kulipuka. Subirini ipoe, angalau dakika 20, na amri itoke kwa injinia mkuu.