Usiishie kukariri, tazama neno linafanya kazi gani

Mdogo wangu, umesema umekariri aina zote 8 za maneno ya Kiingereza, ila kwenye mtihani bado unazichanganya. Kiingereza hakina viambishi vingi kama Kiswahili, mfano "ninasoma", ambapo kitenzi hujionyesha chenyewe. Neno hilohilo hubadili kazi kulingana na lilipokaa. Katika "The water is cold", "water" ni nomino; katika "They water the garden" ni kitenzi, limemfuata mtendaji. "Fast" nalo: "a fast car" ni kivumishi, "he runs fast" ni kielezi. Soma sentensi nzima kwanza, tafuta kitenzi, kisha uliza nani anatenda. Vihisishi, yaani maneno ya mshangao kama "Oh!", visikupotezee muda. Na usiamini sana "-ly" mwishoni mwa neno: "quickly" ni kielezi, lakini "friendly" ni kivumishi.